Baraza ya Ujiji na Stesheni ya Kigoma

Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika iko miji miwili ambayo kwa hesabu ya Serikali ni manispaa moja, bali kwa nasaba haikuzaliwa tumbo moja. Ujiji ulijengwa na nyayo za wapagazi. Kigoma ulijengwa na reli. Kati yao pana mwendo wa kilomita zipatazo nane, na mtu akiondoka Kigoma kwa gari, hata kiti hakijapata joto atakuwa amekwisha fika Ujiji. Lakini katika mwendo huo mfupi huwa amerudi nyuma zaidi ya miaka sabini: kutoka mwaka 1914, garimoshi lilipofika ziwani, hadi mwaka 1840 hivi, ambao Richard Burton aliuandika kuwa ndio Waarabu wa pwani walipoanza kufika Ujiji.

Tumeona vema kuizungumza miji hii leo kwa sababu mbili. Ya kwanza inawahusu wasomaji wetu wa visiwani, ambao wengi wao wamelisikia jina la Ujiji tangu utotoni, kwa habari ya babu aliyekwenda bara akarejea na mali, au babu aliyekwenda bara asirejee kabisa. Ya pili inawahusu waheshimiwa walioko katika ofisi za Serikali. Mwezi Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Reli mpya haikosi kuja na stesheni mpya, na stesheni mpya itaiuliza ile ya zamani: Wewe sasa kazi yako nini? Ni heri jawabu la swali hilo lifikiriwe kabla ya mafundi kuwasili, maana fundi akishafika na mashine yake huwa hana muda wa kusikiliza historia.

Tuanze na mkubwa kwa umri. Burton na mwenzake Speke walipolifikia ziwa tarehe 13 Februari 1858, baada ya safari ya zaidi ya miezi saba kutoka pwani, hawakuuona mji waliokuwa wakiutarajia. Burton alitegemea kukuta bandari na soko kubwa, akakuta vibanda vichache. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa bado wanapenda kukaa Kaze, yaani Tabora ya leo, na Ujiji walikwenda kwa msimu tu, kununua na kuondoka. Lakini haikupita miaka kumi na mitano hali ikawa imebadilika. Wageni walijenga tembe, wakaoa, wakapanda miti ya matunda, wakawa wenyeji. Stanley alipopita tena mwaka 1876 aliukuta mji umegawanyika sehemu mbili: Ugoi, walikokaa Waarabu, na Kawele, walikokaa waungwana wa Kiswahili, watumwa na wenyeji.

Katikati ya maisha hayo lilikuwapo soko. Asiyejua habari za bara hudhani kuwa Ujiji ulikuwa mahali pa pembe za ndovu na watumwa tu. Vyote viwili vilikuwapo, wala hatuna sababu ya kuficha. Lakini sokoni pale iliuzwa pia chumvi iliyopikwa Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wabichi na wakavu, majembe ya chuma, mbuzi, nafaka na nguo za merikani zilizotoka kwetu pwani. Fedha haikuwapo, shanga ndizo zilizokuwa fedha. Zilikuwapo zile zilizoitwa sofi, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika, na aliyefika na nguo alipaswa kwanza kuibadilisha kwa shanga ndipo aweze kununua samaki wa chakula cha jioni. Kwa hiyo palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kubadilisha tu. Leo tungewaita benki.

Mahali pa pili pa kukutania palikuwa ni baraza. Hapa msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji maelezo. Baraza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba iliyoinuliwa kwa udongo au mawe, chini ya upenu, ambapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila ya kumwingiza ndani kwa wake na watoto. Desturi hii ilisafiri pamoja na misafara, na Ujiji iliota mizizi kama ilivyoota miembe. Nyumba ya udongo yenye baraza mbele ndiyo nyumba ya Ujiji, na mtu wa Ng'ambo au wa Chake Chake akifika hapo atajua pa kuketi bila kuonyeshwa.

Sasa tufikirie jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya vimelipita mbio. Makutano mashuhuri kuliko yote yaliyowahi kutokea katika bara hili, yale ya Stanley na Livingstone, ambayo Stanley aliyaandikia tarehe 10 Novemba 1871, yalitokea kwa taratibu za baraza. Stanley mwenyewe ameeleza kuwa alikuta wakubwa wa mji wamesimama mbele ya nyumba ya daktari kumpokea, na baada ya kuamkiana wazungu wawili wale waliketi barazani, chini ya upenu wa tembe, wakapashana habari huku umati umewazunguka. Watu wa mji ndio waliomwonyesha mgeni njia. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetangulia kumlaki Stanley nje ya mji, akarudi mbio kumpasha bwana wake habari. Ulimwengu umeyakumbuka maneno machache ya kuamkiana kwao, ukaisahau nyumba na desturi iliyowapa pa kukaa.

Hivi leo mahali hapo pana jumba la makumbusho na mnara wa kumbukumbu, na miembe ambayo inasemekana ni kizazi cha mwembe uleule uliokuwapo. Ndani zimewekwa sanamu za mabwana wawili wakivuliana kofia, na watalii huzipiga picha kwa furaha. Hatuna ugomvi na sanamu. Ila mtu anayetoka Zanzibar hawezi kuacha kuuliza: Wako wapi wengine? Yuko wapi Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Ujiji hata akaitawala biashara ya ziwa zima mpaka kufa kwake mwaka 1885, na ambaye katika miaka yake ya mwisho aliipandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar juu ya mji? Yuko wapi Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake tunapita mbele yake kila siku pale Shangani? Hatusemi watu hawa watukuzwe. Mali yao ilipatikana kwa pembe na kwa watu waliouzwa, na ukoo wa walioumia bado upo, Ujiji na Kongo na hapa kwetu pia. Tunasema watajwe, mema yao na maovu yao, kwa sababu mji haueleweki bila ya wao.

Na wako wapi wapagazi? Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wanyamwezi na wengineo waliupita kwa miguu, na mizigo vichwani na mabegani. Susi na Chuma wenyewe, baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, waliuchukua mwili wake pamoja na wenzao mpaka Bagamoyo, na kutoka hapo ukavushwa hadi Unguja. Kazi ile haikuwa na mfano wake, nao wanapaswa kupewa zaidi ya mstari mmoja chini ya picha.

Ipo habari nyingine inayoufunga Ujiji na Zanzibar kwa fundo ambalo ni zito. Kabla ya Stanley kufika, Livingstone alikuwa ng'ambo ya ziwa, huko Nyangwe kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiufyatulia risasi umati wa watu sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikuwa mamia. Alirudi Ujiji mgonjwa na amevunjika moyo, na habari hiyo aliiandika. Stanley alipoondoka mwaka 1872 alizichukua barua na maandishi yake. Yaliyosomwa humo huko Uingereza yalichangia shinikizo ambalo mwaka 1873 lilimfanya Seyyid Barghash atie saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Penye soko lile sasa pana kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwishoni mwa mwaka uleule. Basi mahali pa kukutania watu huko Nyangwe palipogeuzwa machinjio, barua kutoka barazani Ujiji zilisaidia kufunga mahali pengine, hapa kisiwani. Tumezoea kusema kuwa zumari ikilia Unguja huchezwa Maziwa Makuu. Safari hii sauti ilitoka ziwani, nasi ndio tuliotikisika.

Mtu akisimama leo penye mnara wa Ujiji atashangaa kidogo, kwa kuwa maji hayako karibu kama alivyosoma. Hajapotea njia, ni ziwa ndilo lililoondoka. Katika miaka ile ya misafara maji yalikuwa juu sana, kwa sababu mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji ya ziwa kutokea, ulikuwa umeziba kwa udongo na majani. Mnamo mwaka 1878 maji yaliuvunja mlango huo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka michache. Ufuko wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukarudi nyuma, na penye kufunga mashua pakawa shamba. Mji ulioishi kwa ziwa ukaachwa na ziwa.

Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, lakini walipofikiria reli na meli kubwa walitazama kaskazini kidogo, kwenye ghuba ya Kigoma, ambako vilima vinaikinga bandari na upepo na maji yana kina hata karibu na nchi kavu. Hesabu ikawa imekwisha. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 ikafika Kigoma. Tangu siku hiyo Kigoma ina jina ambalo hakuna Mtanzania asiyelijua: mwisho wa reli.

Stesheni ya Kigoma ni jengo linalomshangaza kila mgeni. Ni jumba la ghorofa, lenye matao, limesimama chini kabisa ya barabara kuu iliyopandwa miembe, bandari iko ubavuni mwake. Kwa mji mdogo wa wakati ule lilikuwa kubwa mno, na ukubwa wake ulikuwa na maana. Mjerumani hakulijenga kwa ajili ya abiria wa Kigoma. Alilijenga kwa ajili ya Kongo. Upande wa pili wa ziwa kulikuwa na shaba na mpira wa Wabelgiji, na yeye alitaka mali ile ipite mikononi mwake kwenda Dar es Salaam. Miezi sita baadaye vita ilianza, na ndoto hiyo hakuila yeye. Wabelgiji waliuteka mji mwezi Julai 1916, wakautawala mpaka mwaka 1921, na hata walipoukabidhi kwa Waingereza walibakiziwa kwa mkataba eneo lao wenyewe bandarini Kigoma na lingine Dar es Salaam, ili shaba yao ipite. Hivyo stesheni ilifanya kazi iliyojengewa, ila faida iliingia mfuko mwingine.

Juu ya kilima kuna jumba jingine la Mjerumani, ambalo watu huliita nyumba ya Kaiser, na ambalo baadaye lilikuwa Ikulu ndogo. Inasimuliwa kuwa lilijengwa ili Kaiser Wilhelm apate pa kulala akija kuwinda. Kaiser hakuja. Inasimuliwa pia kuwa ipo njia ya chini kwa chini kutoka jumba hilo mpaka stesheni, ili mkubwa akitaka kutoroka atoroke bila kuonekana. Habari ya namna hii haukosi kuisikia katika kila mji wenye jumba la Kijerumani. Sisi tunaiweka hapa kama hadithi, lakini tunakiri kuwa ni hadithi tamu, na yafaa atakayeliandikia jumba hilo kibao aiandike nayo, akisema wazi kuwa ni hadithi.

Jengo la tatu la Wajerumani linaelea. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa kipande kipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi. Mafundi watatu walikuja pamoja nayo kuiunga upya Kigoma, wakisaidiwa na mamia ya vibarua wetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ilishushwa majini mwezi Februari 1915. Mwezi Julai 1916, mji ulipokuwa unaanguka, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito ili siku moja iweze kufufuliwa. Ikafufuliwa kweli: iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa kusini ya ziwa walilitumia kwa maji yale. Kwa vizazi vitatu meli hiyo ndiyo iliyokuwa soko, posta, basi na gazeti la vijiji vya mwambao hadi Mpulungu, Zambia. Mwaka 2023 Serikali iliingia mkataba wa kuikarabati, nasi tunaipongeza kwa hilo bila ya kusitasita.

Tunapongeza kwa sababu Liemba imeonyesha kuwa kitu cha kale si lazima kiwe cha kutazamwa tu. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia fujo za kisiasa nchini kwao walirundikana kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa, mahali pembamba kati ya milima na ziwa pasipofikika kwa gari. Kipindupindu kikaingia. Meli hii, ikiwa na umri wa miaka mia moja kamili, ndiyo iliyotumwa kuwachukua, safari baada ya safari, na kuwaleta Kigoma. Hapo walipokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, uwanja wa mpira, ambao kwa wiki kadhaa uligeuka makazi ya watu waliokuwa wakisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Mtu akituuliza ni majengo gani mashuhuri ya Kigoma, uwanja huo hatutausahau, ingawa hauna matao wala hauna Kaiser.

Yako mengine ambayo tunayapita kwa haraka: Kibirizi na mashua zake, soko la Mwanga penye mawese na dagaa, na gati ambalo kwalo mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa usiku kwenda kupigana Kongo, akarejea mwezi Novemba akiwa ameshindwa.

Sasa turudi kwa waheshimiwa. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia ya misafara ya watumwa na pembe katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara mpaka Ujiji. Ni uamuzi mzuri. Lakini kinachotunzwa Ujiji ni ua mmoja wenye mnara na makumbusho, na mji wenyewe uliouzunguka ua huo ndio kumbukumbu kubwa zaidi. Nyumba zile za udongo zinaanguka moja moja kila masika, na mwenye nyumba hujenga ya matofali ya saruji, mara nyingi bila ya baraza. Hatuwezi kumlaumu. Ni rahisi sana kwa mtu aliyekaa katika nyumba ya mawe kumshauri mwenzake abaki katika ya udongo. Wala hatudai kuwa kila ukuta ubaki. Tunadai mambo mawili ambayo hayana gharama ya kutisha: nyumba zilizobaki zipimwe, zichorwe na kupigwa picha, na wazee wanaojua nani alijenga ipi na nani alikaa baraza gani waandikwe wangali hai, kisha Manispaa iwape ramani za bure wale watakaopenda kujenga upya kwa saruji lakini wabakize upenu na baraza mbele.

Kuhusu stesheni, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa kumbukumbu, na jengo likitangazwa, mkandarasi hana budi kulizunguka. Mapendekezo ya matumizi yake hayawezi kukosekana: makumbusho ya reli na ziwa, ofisi za Manispaa, hoteli, hata kubaki stesheni ya safari fupi. Lililo muhimu ni liwe na watu ndani na bomba lisilovuja juu. Sisi wa Unguja tunalisema hili tukiwa na kidonda kibichi. Tulikuwa na mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, tulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, tulikuwa na wataalamu na ripoti zao. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka mchana, mafundi wakiwa kazini, na watu wakapoteza maisha.

Reli ya kisasa itakapofika ziwani, abiria ataondoka Dar es Salaam na kushuka Kigoma kwa muda ambao mpagazi wa zamani angeutumia kufunga mizigo na kulala kambi ya kwanza. Atatoka nje ya stesheni mpya, atatafuta mahali pa kukaa amsubiri mwenyeji wake. Atakapoelekezwa Ujiji, ni wakati wa kuamua sasa kama atakuta baraza huko.